Mifupa ya Supu

Kwa miezi mitano nilijaribu kuchonga mawe kwa mifupa iliyokwisha kutoa supu, na kwa miezi hiyo yote niliamini kosa liko mikononi mwangu.

Ninaishi Gongoni, mjini Tabora, na kazi yangu ni kutengeneza vyerehani vilivyoharibika. Shule niliishia kidato cha nne. Yaliyobaki nimejifunza mwenyewe, kitabu upande mmoja na kamusi upande wa pili, na kila ninachojifunza nakiandika kwenye daftari, maana nimegundua kwamba nisichokiandika huwa nadhani nakijua.

Mama yangu anaishi Igalula, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka stesheni, pamoja na kaka yangu ambaye ndiye analima shamba. Nyuma ya nyumba ya mama kuna mwinuko usiozidi urefu wa mtu, umejaa mawe meupe ya kung'aa, yale ambayo wachimbaji wa dhahabu kule Nzega huyafuata chini ya ardhi. Ya kwetu hayana dhahabu. Wachimbaji walishakuja, wakapasua mawili matatu, wakaondoka bila kuaga.

Mwaka juzi nilichimba shimo la choo pembeni mwa mwinuko huo. Nilipofika usawa wa kiuno, jembe likaanza kutoa vipande vidogo vya jiwe jeupe, vingine si vikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Vingi vilikuwa na upande mmoja ulionyooka, mkali kama wembe, na upande wa pili uliomegwamegwa, alama ndogo ndogo zikifuatana kwa nafasi sawa. Mimi ninaishi kwa kutazama mishono. Najua cherehani kinaporuka na najua kinaposhona sawa, na sijawahi kuona mshono uliojishona wenyewe. Alama zile zilikuwa mshono.

Nilimwambia kaka siku hiyohiyo, tukiwa tumekaa nje na mama.

"Kaka, haya mawe ni kazi ya watu wa zamani."

"Watu gani?"

"Wa zamani sana. Kabla ya chuma."

"Mdogo wangu, hapa ilipita misafara. Bunduki zao zilikuwa za gumegume. Jiwe likichakaa wanalitupa, wanaweka jingine. Hayo ndiyo unayookota."

"Nimehesabu mia tatu katika shimo moja la choo."

"Basi walikuwa na bunduki nyingi."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua kaka anataka nini. Nyumba ya mama ni ya udongo, imepasuka ukuta wa magharibi na mvua ikinyesha yeye huhamisha kitanda. Kaka alikuwa amekwisha kuchoma tanuri la matofali. Kilichobaki ni mawe ya msingi na kokoto, na yeye aliyaona yamejaa hatua hamsini kutoka mlangoni. Mawe ya aina nyingine, yale makubwa ya kijivu, yako ng'ambo ya reli, na ili uyapasue lazima uyawashie moto kwanza, kisha uyabebe.

Nilimwomba auache mwinuko. Akafikiri kidogo.

"Mimi si mbishi," akasema. "Nionyeshe. Kaa hapa mbele yangu, utengeneze kimoja bila chuma. Nikiona mkono wa mtu unaweza kufanya hivyo, mawe nitayafuata ng'ambo ya reli. Lakini ufanye kabla mafundi hawajaja."

Mafundi wangekuja baada ya mavuno, kabla ya mvua. Nilikuwa na karibu miezi sita. Nikaona ni muda mwingi.

Kupasua jiwe lenyewe si kazi. Unaliweka jiwe jeupe juu ya jiwe kubwa, unaligonga kwa jiwe la tatu, linatoa vipande vyenye makali. Kazi iko katika hatua ya pili, pale unapotaka kuumega ukingo wa kipande kidogo kidogo ili upate umbo. Ukiupiga ukingo huo kwa jiwe, kipande kinavunjika katikati. Inatakiwa zana ngumu kiasi cha kumega, lakini laini kiasi cha kuushika ukingo kwanza kabla ya kuumega. Nilisoma kwamba watu wa zamani walitumia mifupa na meno ya wanyama. Nikatazama video kwenye simu. Wote niliowaona walikuwa wazungu wenye mawe meusi laini kama chupa, na walitumia pembe za wanyama ambao sisi hatuna. Pembe ya ng'ombe wetu haifai. Nilijaribu siku ya kwanza, inapinda kama ukucha.

Basi ikabaki mifupa, na mfupa mtupu Tabora haupatikani kirahisi. Buchani unapimwa pamoja na nyama, unakwenda nyumbani, unaingia chunguni, na ukitoka chunguni kuna mtu anayeunyonya na mbwa anayesubiri. Mahali pekee nilipojua mifupa inabaki ni kwenye banda la supu ya makongoro, miguu ya ng'ombe, karibu na soko, ambako mimi hunywa supu asubuhi kabla ya kufungua kibanda changu. Nikamwomba mwenye banda aniwekee mifupa ya chini ya sufuria. Akakubali, akanipachika jina la Daktari, na kuanzia siku hiyo sikupata amani.

"Daktari! Leo nikupe muundi wa kushoto au wa kulia?"

"Wowote ulionyooka."

"Mpe wa kulia," mteja mmoja akadakia. "Huyu anajenga ng'ombe wake kipande kwa kipande. Umebaki mkia tu."

Nilichukua mifupa, nikaiosha, nikaikausha juani mpaka ikawa myeupe. Ilionekana safi sana. Kwenye daftari nilichora safu tano: mfupa, jiwe, mwelekeo wa kupigia, nguvu, matokeo. Safu ya matokeo ilijaa haraka. Umevunjika. Umeteleza. Umekuwa unga. Nilipougonga ukingo wa jiwe, mfupa uliacha mstari mweupe kama chaki na jiwe likabaki vilevile. Nilipougandamiza kwa nguvu, ncha ya mfupa ilisagika. Nikabadilisha mwelekeo. Nikapiga polepole, nikapiga kwa haraka. Nikabadilisha jiwe, nikajaribu vitako vya chupa za soda, nikijua kioo ni rahisi kuliko jiwe letu lenye nyufa zisizoonekana. Hata kioo hakikumegeka. Nikajaribu meno, magego niliyoyatoa kwenye taya la supu ya kichwa. Yalipasuka kwa urefu kama kuni.

Vidole vyangu vilijaa mikato. Kazi ya vyerehani ni ya sindano na skrubu ndogo, na kwa vidole vile nilikuwa nikichukua saa nzima kwa kazi ya robo saa. Siku moja fundi mmoja wa nguo, mama mtu mzima ambaye ni mteja wangu wa miaka mingi, alikuja kuchukua cherehani chake. Nilikuwa nimekijaribu kwa kipande cha kitambaa alichokiacha chini ya sindano.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Kipi?"

"Damu. Umenipakia damu kwenye gauni la kipaimara."

Nilimwomba radhi. Aliondoka akiuliza kwa sauti kubwa kama nimeanza kuchinja.

Mke wangu naye alikuwa na neno lake. "Ungekuwa mlevi," aliniambia, "ningejua pa kukushtaki. Sasa nikaseme nini? Mume wangu anagonga mifupa?"

Niliandika barua kwenye ofisi ninayodhani inahusika na mambo ya kale. Nikajibiwa nitume picha na maelezo. Nikatuma picha kumi na mbili, kila moja ikiwa na rula pembeni. Sikujibiwa tena.

Mteja mmoja kutoka Nzega, aliponikuta nikipigana na taya la ng'ombe, alinihurumia akasema angeniletea jino la ngiri, refu, gumu, la kufaa kabisa.

"Usilete," nikamwambia. "Hiyo ni nyara ya serikali."

"Lakini ngiri mwenyewe amekufa zamani."

"Ndiyo maana inaitwa nyara. Angekuwa hai angeitwa ngiri."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayekataa maji jangwani. Mimi sikuwa tayari kueleza mbele ya askari wa wanyamapori kwamba jino lile ni la kuchongea mawe.

Zikabaki wiki tatu. Nilikuwa na mifupa arobaini na moja kwenye daftari, na yote arobaini na moja ilikuwa imeshindwa. Asubuhi hiyo nilifika bandani nikiwa na hasira ambayo sikuwa na mtu wa kumpa, nikampa mwenye supu.

"Mifupa yako haina nguvu," nikamwambia. "Unanunua ng'ombe wagonjwa?"

Alisimamisha upawa juu ya sufuria. Watu kwenye mabenchi wakageuka.

"Daktari, umesema nini?"

"Mifupa. Inasagika. Haina nguvu yoyote."

"Kaa chini." Nikakaa. "Mimi huu moto nauwasha saa ngapi?"

"Jana jioni."

"Kwa nini?"

"Supu iwe nzito."

"Inakuwa nzito kwa kitu gani? Kwa maji?" Akachota mfupa kutoka kwenye sufuria akaunyanyua, unachuruzika. "Kazi yangu mimi ni kuumaliza mfupa. Kila kilichomo ndani yake nakitoa, nakiweka kwenye bakuli, wewe unakunywa. Miezi mitano unakunywa nguvu ya mfupa hapa kwangu, halafu unarudi kunilaumu kwamba mfupa hauna nguvu?"

Walicheka mpaka benchi likatikisika. Mmoja aliniambia nijigonge mwenyewe kwenye jiwe, maana nguvu yote iko kwangu.

Mimi nilikuwa nimeshika bakuli na sikuweza hata kulitua. Alikuwa amesema kweli tupu. Nilibadilisha mwelekeo, nguvu, jiwe, umbo la mfupa, jua na kivuli. Kitu kimoja tu sikukibadilisha, kwa sababu sikuwahi kukiona kuwa ni kitu: mifupa yote ilikuwa imepikwa. Katika maisha yangu yote sikumbuki kushika mfupa wa ng'ombe ambao haukupita jikoni. Mtu wa zamani aliyekaa kwenye mwinuko wa mama alikuwa na mfupa mkononi muda mfupi baada ya mnyama kuanguka. Mimi nilikuwa na masalia ya kifungua kinywa. Daftari langu lilihitaji safu ya sita, na nilikuwa nimejaza kurasa thelathini bila hiyo.

Nilikwenda buchani moja kwa moja.

"Nataka muundi mbichi na nusu ya taya. Bila nyama."

"Una mbwa?" muuza nyama akaniuliza.

"Sina."

"Basi anakula nani?"

Nikamwambia ni dawa. Hapo hakuuliza tena.

Nilikwangua nyama yote, nikatoa uboho kwa kijiti, sikuugusisha mfupa maji ya moto. Niliuanika kivulini juu ya kabati kibandani kwangu, kwa sababu mke wangu aliukataa nyumbani, na kwa siku nne wateja wangu walisimama nje wakiongea na mimi kwa mbali. Siku ya tano niliupasua muundi, nikachukua kipande kirefu kama kalamu mbili, nikaweka gunia pajani, kipande cha jiwe juu ya gunia, nikagonga ukingo.

Mfupa haukuteleza. Uliushika ukingo, nikasikia ule mshiko mpaka kwenye kifundo cha mkono, kisha kibanzi kidogo kama punje ya ulezi kikaanguka kwenye gunia. Nikagonga tena pembeni yake. Kikaanguka kingine. Mfupa wenyewe ulikuwa na vidonda vidogo mahali jiwe lilipouma, lakini haukusagika. Niliandika "umemega", nikalisoma neno hilo mara tatu. Halafu badala ya kufurahi nilikasirika upya, nikiwaza miezi mitano.

Wiki mbili zilizobaki nilifanya kazi kila siku baada ya kufunga kibanda. Jiwe letu ni kaidi. Katika vipande kumi, tisa vilivunjika kwenye nyufa zao za ndani, kosa lisilo la mfupa wala langu. Gego bichi nalo lilifaa, ukilishika kwa mizizi na kutumia ubavu wake, hasa kwa kumalizia alama zile ndogo kabisa. Nilipata vipande vitano ambavyo sikuvionea haya. Nikaviweka mfukoni. Kwenye mkebe nikaweka vitano vya shimoni, vizuri kuliko vyote, ambavyo nilikwisha kuvisugua kwa sabuni na mswaki ili alama zionekane. Sikuandika namba juu ya mawe kwa sababu wino ungeyachafua. Namba ziliandikwa kwenye karatasi nilizovifungia.

Ijumaa nilikwenda Igalula. Mafundi walikuwa wanatarajiwa Jumatatu.

"Shikamoo mama. Shikamoo kaka."

"Marahaba," kaka akaitikia. "Umeleta na harufu?"

Nilikaa kwenye kigoda, gunia pajani. Jiwe la kwanza lilipasuka vibaya. La pili lilitoa kipande kizuri, nikakivunja kwa kugonga mara moja zaidi ya ilivyotakiwa. La tatu likawa changarawe.

"Mama," kaka akasema, "huyu angekuwa ndiye mtu wa zamani, sisi tusingezaliwa. Wazee wangekufa njaa wakimsubiri."

"Mwache afanye," mama akamjibu.

La nne lilikubali. Nilifanya kazi kimya, mfupa kwanza, gego baadaye, mpaka upande mmoja ukawa na mshono wake wote. Nikainuka, nikakata kamba ya mbuzi aliyefungwa karibu nasi. Kamba ya katani ilikatika kwa misukumo mitatu, mbuzi akaingia kwenye matembele. Kaka alikichukua kile kipande, akapitisha kidole kwenye makali, kidole kikatoa damu. Nilimwona akiamini.

Nikafanya kosa. Nilitaka aamini zaidi. Nikavifungua vile vitano vya shimoni nikavimimina kiganjani mwake, kisha vyangu vitano vya wiki mbili nikavimimina kiganja cha pili, ili aone vinavyofanana. Akavitazama kwa muda. Halafu akaviunganisha viganja, akavitikisa, akavimwaga juu ya gunia.

"Tenganisha," akasema.

Niliinama. Viwili nilivijua mara moja, vilikuwa vyangu, kwa sababu ya makosa yake. Vinane nilivigeuza, nikaviinua kwenye mwanga, nikavaa miwani. Vyote vyeupe, vyote safi. Udongo ambao ungeniambia kipi kimelala ardhini nilikuwa nimeuosha mwenyewe kwa sabuni.

Ningeweza kubahatisha. Yeye asingejua.

"Siwezi," nikasema.

"Basi umenionyesha kwamba ni kazi ya mtu. Nimekubali." Hakuwa akicheka. "Lakini mtu mwenyewe ninayemwona ni wewe."

"Kaka, shimo la choo—"

"Shimo ulichimba peke yako. Na miezi ya mwanzo ulikuwa unakaa pale juu kila ukija, unagonga mawe, vipande vinatapakaa. Vya kwako ni vipi na vya hao wengine ni vipi?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilijifunzia palepale kwa sababu mawe yalikuwa palepale. Nilijaribu kueleza kuhusu kina cha udongo, na nikawa nasikia mwenyewe kwamba naeleza jambo ambalo hakuna aliyeliona zaidi yangu. Mama, ambaye alikuwa amekwenda kumtoa mbuzi kwenye matembele, alirudi akakaa.

"Hao watu wa zamani," akaniuliza, "walikuwa na nyumba?"

"Hatujui, mama."

"Mimi ninayo, na inavuja."

Nilianza kuokota vipande kutoka kwenye gunia.

Kaka aliniletea jembe na kamba. Alisema mafundi watachukua mawe ya mwinuko kama ilivyopangwa, ila nitumie siku zilizobaki nitakavyo, na kwamba yeye mwenyewe angekwenda kanisani Jumapili, lakini mimi kama nataka kuchimba atanisemea. Nilichagua kona ya mwinuko upande wa mashariki ambako sikuwahi kukaa wala kugonga. Nilipigilia vigingi, nikafunga kamba, hatua mbili kwa mbili. Nikachimba kwa kisu cha jikoni badala ya jembe, nikipima kina kwa rula, na kila kipande nikakifunga na udongo wake kama kilivyo. Hadi Jumapili jioni nilikuwa nimefika kina cha kiganja kimoja na nusu, na nilikuwa na vipande sitini na nne. Kwa mwendo huo mwinuko wote ungenichukua miaka.

Jumatatu asubuhi walikuja mafundi wanne na nyundo zao kubwa. Walianzia upande wa magharibi, kama kaka alivyowaelekeza, lakini mwinuko ni mdogo na kufikia saa nne walikuwa wamenikaribia. Mmoja alisimama, akanitazama nimepiga magoti ndani ya kamba.

"Shikamoo mzee. Sogea kidogo, mawe yanaruka."

"Marahaba. Nitasogea."

Nilisogea hatua moja, nikavaa miwani. Kila nyundo ilipotua, vibanzi vipya vyeupe, vyenye makali, viliruka na kuanguka ndani ya kamba zangu, na mimi nikawa nikivitoa kimoja kimoja, haraka, kabla sijasahau kipi kimetoka juu na kipi kimetoka chini.